Kifo cha Sultani Hamad: Je, Nasaba Yaweza Kumtaja Muuaji?

Wageni wanaotembezwa Mji Mkongwe wakifika Mizingani, mbele ya Kasri na Beit al-Ajaib, husimuliwa vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vinavyohesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Mizinga ya Waingereza ilianza kulia saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kabla saa nne haijagonga kila kitu kilikuwa kimekwisha. Masimulizi hayo huwa na sentensi moja fupi inayopita haraka kama jambo lisilo na ubishi: Sultani Hamad bin Thuwaini alilishwa sumu na Khalid bin Barghash, ambaye hapo hapo alikikalia kiti.

Ukiuliza Khalid alikuwa nani kwa Hamad, majibu hutawanyika. Wapo wanaosema mdogo wake, wapo wanaosema mpwa wake, na wapo wanaosema ami yake. Neno “binamu”, ambalo siku hizi hubeba mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa khalati kwa pamoja, halisaidii. Udugu wa mtuhumiwa na marehemu haujakaa sawa vinywani mwa watu, lakini hukumu imeshakaa sawa.

Siku hizi wajuzi wa nasaba huitwa kusaidia kufumbua mauaji ya zamani. Ukoo wa Busaidi wa Unguja ni familia ya wahamiaji kutoka Oman, na kifo cha Hamad ni fumbo lao kubwa kuliko yote. Uchambuzi huu unaliangalia swali hilo zima: nani wametajwa, kwa hoja zipi, hoja hizo zina nguvu na udhaifu gani, na shajara ya ukoo inaweza kuongeza nini ambacho uvumi hauna.

Saa tatu na dakika ishirini

Mambo yanayojulikana bila ubishi mkubwa ni machache. Jumanne, tarehe 25 Agosti 1896, karibu saa tano na dakika arobaini asubuhi, Sultani Hamad alifariki ghafla ndani ya kasri lake. Alikuwa na umri wa miaka 39 hivi na alikuwa ametawala kwa miaka mitatu. Muda mfupi baadaye Khalid, kijana wa miaka 22, aliingia kasrini na watu wake. Basil Cave, balozi wa Uingereza, na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, walimwonya asiendelee. Hakuwasikiliza. Saa nane u nusu mchana marehemu alizikwa, na saa tisa juu ya alama mizinga ya kasri ilipigwa kutangaza kwamba Khalid ndiye sultani.

Kutoka kukata roho mpaka mizinga ya heshima ni saa tatu na dakika ishirini. Tuhuma yote ya sumu imejengwa ndani ya muda huo mfupi. Maiti haikupasuliwa, hapakuwa na kesi, wala hakujitokeza shahidi aliyeapa kwamba aliona kikombe. Waislamu huharakisha kuzika, kwa hiyo kuzika ndani ya saa tatu katika nchi ya joto hakukuwa ajabu. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo iliyofunga mlango wa uchunguzi. Kemia ya kutambua arseniki katika mwili wa maiti ilikuwa inajulikana Ulaya tangu mwaka 1836. Elimu ilikuwepo, ila hakuna aliyeitumia.

Ukoo uliotoka Oman

Ili kupima tuhuma, lazima kwanza tuipange familia. Mwasisi wa utawala huu, Ahmad bin Said, alishika hatamu za Oman katikati ya karne ya 18. Mjukuu wake, Seyyid Said bin Sultan, alihamishia makao yake Unguja, akapanda mikarafuu na kuifanya bandari hii kitovu cha biashara ya pwani nzima. Alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati. Aliacha watoto 36 walio hai, wengi wao wakiwa wamezaliwa na masuria kutoka Uhabeshi, Circassia na kwingineko. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo wana wote walikuwa na haki ya kukitamani kiti.

Hapakuwa na kanuni ya mwana mkubwa kumrithi baba. Desturi ya madhehebu yao ya Kiibadhi ilimtaka kiongozi anayekubaliwa na watu, na katika utendaji kilichoamua kilikuwa nguvu, umri, upatanishi na, kadiri miaka ilivyopita, kauli ya balozi wa Uingereza. Mwaka 1861 Waingereza waligawa urithi wa Said: Oman ikabaki kwa Thuwaini na Unguja ikabaki kwa Majid. Baada ya hapo Unguja ilitawaliwa na ndugu kwa ndugu: Majid mpaka 1870, Barghash mpaka 1888, Khalifa mpaka 1890, na Ali mpaka 1893. Wote wanne walikuwa wana wa Said.

Ali alipofariki, zamu iliangukia kizazi cha wajukuu, na hapo ndipo fundo lilipo. Matawi matatu yalikuwa na wanaume wa kufaa: Hamoud bin Muhammed bin Said, aliyezaliwa 1853, Hamad bin Thuwaini bin Said, aliyezaliwa 1857, na Khalid bin Barghash bin Said, aliyezaliwa 1874. Udugu wao ni mmoja tu: watoto wa mtu na nduguye, wajukuu wa babu mmoja. Khalid hakuwa mdogo wa Hamad kwa kuzaliwa, wala mpwa wake, wala ami yake. Alikuwa mtoto wa ami yake.

Mwaka 1893 Khalid aliingia kasrini Ali alipofariki, akatolewa, na Waingereza wakamweka Hamad. Miaka mitatu baadaye Hamad naye akafariki, na Khalid akaingia tena.

Hoja ya kwanza: Khalid ndiye

Hoja hii ndiyo iliyotawala vinywani, na haiwezi kupuuzwa. Nguvu yake ya kwanza ni sababu: Khalid alikuwa ameshanyang'anywa kiti mara moja, na mtu aliyekikalia alikuwa wa tawi la Oman lililoletwa na Waingereza. Nguvu ya pili ni fursa: alikuwa mtu wa nyumbani, na mlango wa kasri haukuwa mgeni kwake. Nguvu ya tatu ni utayari wake. Mtu anayeweza kukusanya watu wenye silaha, kuzika na kupiga mizinga kabla ya alasiri huonekana kama aliyejua siku itakavyokwenda. Methali ya Waswahili nayo imeshatoa hukumu yake: kikulacho ki nguoni mwako.

Udhaifu wake unaonekana mara tu tunapopanda ngazi moja juu kwenye shajara. Mwaka 1856, Seyyid Said alipofariki melini kwa maradhi, mwanawe Barghash alikuwa naye safarini. Barghash aliushusha mwili usiku, akauzika kwa siri, na akajaribu kukamata madaraka kabla Majid hajapata habari sawasawa. Hakuna anayesema Barghash alimuua baba yake. Alichofanya ni kuutumia mwanya wa kifo ambacho hakukisababisha. Khalid ni mwana wa huyo huyo Barghash, na yeye mwenyewe alifanya hivyo hivyo mwaka 1893 kwa kifo cha Ali, ambacho hakuhukumiwa nacho. Haraka ya mwaka 1896 ilikuwa, basi, mara ya tatu ndani ya tawi lile lile. Ikiwa haraka mbili za kwanza hazikuhitaji sumu ili zieleweke, ya tatu nayo haihitaji.

Kuna udhaifu mwingine unaotoka nje ya nasaba. Baada ya kushindwa, Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walimtaka. Wajerumani wakakataa, wakitegemea mkataba wao wa kurejesheana wahalifu ambao haukuwahusu wakimbizi wa kisiasa. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji ya bamvua yalipojaa, mashua ya meli Seeadler ilifika mpaka kwenye bustani ya ubalozi, Khalid akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Sasa fikiria nafasi ya Waingereza. Kilichowazuia ni neno “kisiasa”. Muuaji kwa sumu si mkimbizi wa kisiasa. Laiti wangekuwa na ushahidi wa kumfanya Khalid mwuaji wa kawaida, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuutoa mezani. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walimkamata wenyewe na kumpeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Alikuwa mikononi mwao kwa miaka, na bado lawama yao juu yake ilibaki ile ya uasi.

Hoja ya pili: mkono wa Waingereza

Wapo wanaoigeuza tuhuma. Wanasema anayefaidika atazamwe, na aliyefaidika zaidi baada ya tarehe 27 Agosti alikuwa Mwingereza. Hamad, ingawa aliwekwa na Waingereza, alikuwa ameanza kujijengea kikosi chake cha ulinzi, na kikosi hicho kiligongana na askari wa Mathews. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao juu ya milki ya Sultani ya bara, ile ambayo leo ni pwani ya Kenya, na uhuru wa sultani yeyote wa Unguja ukazidi kubanwa. Baada ya vita walimsimika Hamoud bin Muhammed, na tarehe 6 Aprili 1897 Hamoud alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, jambo walilokuwa wakilitaka.

Hoja hii ina faida ya kutukumbusha kwamba kiti cha Unguja hakikuwa tena mali ya ukoo peke yake. Tangu himaya ya mwaka 1890, kila mrithi alihitaji ridhaa ya Mwingereza, na shajara ya ukoo pekee haimwoni mtu huyo wa nje.

Hata hivyo mwenendo wa siku zile tatu hauifai. Siku Hamad alipofariki, bandarini palikuwa na meli mbili za kivita za Kiingereza, Philomel na Thrush. Sparrow iliingia jioni hiyo, na Racoon na St George zikafika siku ya pili. Cave alilazimika kupeleka simu ya maandishi London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga kasri iwapo njia za amani zitashindikana. Anayepanga kuua mfalme hawi na haja ya kuuliza ruhusa ya kupiga baada ya kifo, wala hampi mpinzani wake mwanya wa kulikalia kasri lenye watu na mizinga. Kumwondoa sultani kwa Waingereza kulikuwa na njia rahisi zaidi, nayo ni shinikizo, kama walivyodhihirisha mara nyingi. Faida waliyoipata inaelezeka kama faida ya mwenye nguvu anayejua kutumia ajali.

Hoja ya tatu: ndiyo desturi ya ukoo

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ukoo wa Busaidi umezoea kuuana, kwa hiyo sumu ya mwaka 1896 si jambo la kushangaza. Hapa ndipo nasaba hutumiwa vibaya zaidi, kwa sababu mifano ipo na ni ya kweli.

Mwaka 1806 Said bin Sultan, akiwa kijana, alimuua Badr bin Seif aliyekuwa ameshika madaraka ya Oman. Badr alikuwa mwana wa Seif bin Ahmad, na Said alikuwa mwana wa Sultan bin Ahmad. Watoto wa mtu na nduguye, udugu ule ule wa Khalid na Hamad, miaka 90 kabla. Mwaka 1866 mjini Suhar, Thuwaini bin Said, baba yake Hamad, aliuawa kwa risasi akiwa amelala, na aliyemuua alikuwa mwanawe mwenyewe, Salim. Hamad alikuwa mtoto wa aliyeuawa, na papo hapo ndugu wa mwuaji. Mtu akiiona shajara hii ataona damu inafuatana na jina.

Lakini mjuzi wa nasaba hatazami mifano iliyochaguliwa, huhesabu yote. Tukihesabu Unguja peke yake, kiti kilihama mara tano kabla ya Hamad kufa: kutoka Said kwenda Majid, Majid kwenda Barghash, Barghash kwenda Khalifa, Khalifa kwenda Ali, na Ali kwenda Hamad. Hakuna hata moja iliyothibitika kuwa ya mauaji. Mfano wa wazi zaidi ni wa mwaka 1859. Barghash aliasi dhidi ya Majid, akajifungia shambani na watu wenye silaha, akisaidiwa na dada zake, akiwemo Salme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Barghash alishindwa kwa msaada wa Waingereza. Majid angeweza kumuua. Badala yake alimpeleka Bombay, na miaka kumi na moja baada ya uasi huo Barghash alikuja kumrithi. Hivyo ndivyo tawi la Unguja lilivyozoea kumaliza ugomvi wake: mshindani alisafirishwa.

Vifo vya 1806 na 1866 vilikuwa pia vya namna nyingine. Vilifanywa kwa jambia na kwa risasi, na muuaji alijulikana. Sumu ya siri inayokanushwa ni mwenendo mwingine kabisa. Huwezi kuchukua silaha mbili za wazi kuthibitisha moja ya siri.

Hoja ya nne: ajali yake ilifika

Hoja ya nne ndiyo isiyo na msisimko, na ndiyo isiyosimuliwa na waongoza watalii: kwamba Hamad alikufa kwa maradhi. Udhaifu wake unaonekana haraka. Mtu wa miaka 39 akianguka ghafla, mpinzani wake akiwa mlangoni, akili ya binadamu haikubali kwamba ni bahati mbaya. Tena hakuna cheti cha daktari cha kuinyanyua hoja hii juu ya kukisia.

Hapa shajara ya ukoo ina neno, na ni neno ambalo halijapewa nafasi yake. Watu huitumia nasaba kutafuta sababu ya kuua: nani ndugu wa nani, nani alinyimwa nini. Lakini kila jina kwenye shajara lina tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Tuzisome hizo. Kwa miaka ya kuzaliwa iliyozoeleka vitabuni, Majid alifariki akiwa na miaka 36 hivi. Khalifa alifariki akiwa na miaka 38 hivi. Ali alifariki naye hajafika 40. Barghash, aliyeonekana kuishi sana, alifariki akiwa na miaka 51 hivi. Hata Ali bin Hamoud, aliyetawala baadaye na kuacha kiti mwaka 1911, alifariki mwaka 1918 akiwa na miaka 34.

Kwa hiyo sentensi “alikuwa kijana mno kufa” haina uzito katika familia hii. Kati ya masultani wanne wa Unguja waliomtangulia Hamad baada ya Seyyid Said, watatu hawakufikia miaka 40. Kufa na miaka 39 ndicho kilichokuwa cha kawaida. Tukitazama pia kwamba Barghash, Khalifa, Ali na Hamad walifariki wote ndani ya miaka isiyozidi tisa, kutoka 1888 mpaka 1896, tunaona kiti kilichokuwa kikimeza watu kwa kasi. Vifo hivyo vinne vilitokea karibu karibu, na ni kimoja tu kilichobandikwa sumu: kile kilichofuatiwa na mizinga.

Hesabu hii nayo ina mpaka. Umri wa wastani hauelezi kifo kimoja. Ndugu kufa mapema kwa kifua kikuu au homa hakumzuii mwingine kulishwa sumu. Inachofanya hesabu hii ni kuondoa nguzo moja kuu ya tuhuma, ile ya mshangao.

Nasaba ya maabara ingesaidia?

Tangu mwaka 2018, polisi wa California walipomkamata mtuhumiwa wa mauaji ya miaka ya sabini na themanini kwa kulinganisha DNA ya eneo la uhalifu na ya jamaa zake wa mbali, watu wengi wameamini kwamba nasaba ikiungana na maabara hakuna fumbo litakalobaki. Kwa Hamad njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu tatu.

Kwanza, nasaba ya maabara hutafuta jina la mtu asiyejulikana aliyeacha alama. Hapa majina yote yanajulikana, na alama ndiyo isiyokuwepo. Pili, hata kama ingepatikana alama ya mwanamume, kipimo cha kromosomu Y, kinachofuata mstari wa baba kwa mwana, kingekwama. Khalid, Hamad na Hamoud wote walirithi kromosomu hiyo kwa babu mmoja, Said bin Sultan, naye kwa Ahmad bin Said. Kwa kipimo hicho mtuhumiwa, marehemu na mrithi ni mtu mmoja. Tatu, kinachotafutwa hasa ni sumu, na sumu haina ukoo. Arseniki inaweza kubaki katika nywele na mifupa kwa muda mrefu, lakini inaweza pia kuingia kutoka udongoni. Sumu za mimea huoza na kupotea.

Kisha liko suala la kaburi lenyewe. Kufukua maiti ya Mwislamu kunahitaji sababu nzito kisheria na kidini, na ridhaa ya jamaa ambao leo wametawanyika Unguja, Maskati na Ulaya. Kuvunja heshima ya kaburi kwa kipimo ambacho huenda kisijibu kitu ni biashara ya hasara. Njia yenye mavuno zaidi ni ya karatasi: hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, majalada ya kibalozi ya Waingereza na ya Wajerumani waliomhifadhi Khalid, tarikhi za Kiarabu zilizoandikwa na wenyeji, na kazi za wataalamu kama Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeandika kwa Kiswahili habari za Seyyid Said. Nasaba nyingi za maandishi, hata hivyo, zina tundu moja kubwa: hufuata wanaume. Mama, masuria, dada na watumishi wa ndani, ambao ndio waliokijua chakula cha sultani, mara nyingi hawana hata jina.

Nani alibaki kusimulia?

Kuna matumizi mengine ya nasaba ambayo hayamtafuti muuaji bali yanautafuta uvumi wenyewe: nani alikuwa na nafasi ya kuusimulia, na nani hakuwa nayo. Baada ya Hamoud na mwanawe Ali, kiti kilikwenda mwaka 1911 kwa Khalifa bin Harub bin Thuwaini. Harub alikuwa ndugu yake Hamad. Khalifa alikuwa, basi, mtoto wa ndugu wa marehemu, na mkewe, Bibi Matuka, alikuwa binti wa Hamoud. Ndoa hiyo iliunganisha tawi la aliyekufa na tawi la aliyerithi baada ya vita. Khalifa alitawala mpaka 1960, kisha mwanawe Abdullah, kisha mjukuu wake Jamshid, mpaka mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kwa zaidi ya nusu karne, kasri lilikuwa mikononi mwa jamaa za Hamad. Tawi la Barghash lilikuwa nje, na Khalid alifariki Mombasa mwaka 1927.

Hii haina maana kwamba wenye kasri waliitunga hadithi ya sumu. Ina maana kwamba wenye sababu ya kuihoji hawakuwa na baraza ya kuihojia. Waingereza nao hawakuwa na haja ya kuikanusha: hadithi inayomfanya Khalid mwuaji huyafanya mabomu ya tarehe 27 Agosti, yaliyoua na kujeruhi watu wapatao 500 upande wa kasri, yaonekane kama adhabu ya haki. Uvumi wenye faida kwa wote waliobaki hauhitaji mtunzi.

Upande wa pili wa sarafu nao uangaliwe. Siku hizi wapo wanaomfanya Khalid shujaa aliyewakatalia Waingereza, na wanaikataa tuhuma kwa sababu hiyo tu. Hilo nalo ni kosa. Miongoni mwa waliomuunga mkono walikuwemo wenye mashamba waliojua kwamba sultani wa Waingereza angefuta utumwa. Kutothibitika kwa sumu hakumfanyi Khalid mkombozi, na kupinga kwake ukoloni hakumfanyi asiye na hatia.

Kupima mizani

Tukiweka hoja nne pamoja, tunaona zinagombana juu ya ushahidi ule ule mdogo. Ya Khalid inategemea haraka yake, na haraka hiyo inaelezeka kwa mwenendo wa baba yake na wake mwenyewe. Ya Waingereza inategemea faida yao, lakini matendo yao ya siku tatu ni ya watu walioshtukizwa. Ya desturi ya ukoo inategemea mifano miwili ya Oman na kuyaacha makabidhiano matano ya Unguja. Ya maradhi haina shahidi, lakini ndiyo pekee inayoafikiana na tarehe za kufa za familia nzima bila kumhitaji mtu wa kuongezwa.

Kila uchaguzi una gharama yake. Anayemhukumu Khalid hupata hadithi nzuri na kumpoteza mwanasiasa. Anayemlaumu Mwingereza hupata mwovu mkubwa na kusahau kwamba ukoo wenyewe haukuwa na kanuni ya kurithi, jambo lililofanya kila maziko kuwa mwanzo wa vita. Anayekubali maradhi hupoteza msisimko, na hubaki na jambo lisilotosheleza. Hata hivyo gharama hiyo ya mwisho ndiyo ndogo, kwa sababu hailipwi kwa jina la mtu.

Kwa muhtasari

Nasaba imetusaidia katika mambo matatu. Imesahihisha udugu: Hamad na Khalid walikuwa watoto wa mtu na nduguye. Imeonyesha kwamba kuwahi madaraka mara baada ya kifo kulikuwa mazoea ya tawi la Barghash tangu 1856, kwa hiyo si ushahidi wa kuua. Na imeonyesha kwamba kufa kabla ya miaka 40 kulikuwa jambo la kawaida kwa masultani wa Unguja wa kizazi kile. Imeshindwa katika jambo moja, na litabaki hivyo: haiwezi kuingia chumbani asubuhi ya tarehe 25 Agosti 1896.

Wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kisa hiki lililopo kwa hakika ni kiti kisicho na kanuni ya kurithiwa, kijana aliyekingoja kwa miaka mitatu, na balozi aliyekuwa na meli bandarini. Hayo matatu yanatosha kueleza mizinga ya tarehe 27. Anayetembeza wageni Mizingani anaweza kusema hivyo bila kumtia mtu kikombe cha sumu mkononi, na atakuwa amesema kweli zaidi: Hamad alikufa ghafla, Khalid aliwahi, na waliobaki hai wakaunganisha mambo hayo mawili kwa neno moja ambalo hakuna aliyelithibitisha.